Wajibu wa Kufikiri

Methali ya Kiswahili husema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Neno hilo lina kweli na lina hatari. Kweli yake ni kwamba watu hawafikiri kwa namna moja, na kwamba hapana aliyenyimwa fungu lake kabisa. Hatari yake ni kwamba humfanya mtu adhani akili ni kitu alicho nacho tu, mfano wa nywele zake, kilichomwota kichwani bila ya jitihada, na ambacho hubaki kuwa chake hata akiwa usingizini. Mwenye kuamini hivyo ana udhuru tayari siku zote. Akiulizwa kwa nini hakufikiri, atajibu kuwa akili zake ndizo hizo alizojaliwa, na mwenye kumwuliza hatakuwa na la kusema zaidi.

Je, udhuru huo unakubalika? Akili ni mali au ni tendo? Kama ni mali, aliyepewa nyingi amebahatika na aliyepewa chache amesamehewa. Kama ni tendo, kila mtu mzima ana jambo la kujibu, wala wingi au uchache wa vipaji hauondoi dai hilo. Wanafalsafa wamelizungumza swali hili tangu zamani. Lakini katika Afrika ya Mashariki lilipata sura yake maalumu katika karne ya 20, kwa sababu wanavyuoni fulani walitaka Qurani isomwe kwa Kiswahili na ifikiriwe na watu wasiojua Kiarabu. Walichokitaka hakikuwa kidogo, na matokeo yake hayajaisha mpaka leo.

Yafaa kuanza na lugha ya kitabu chenyewe. Neno akili liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo liliingia likiwa jina. Katika Qurani, jina hilo halimo hata mara moja. Mzizi wake umo mara 49, na mara zote hizo ni kitendo: kuna watu wanaotia mambo akilini na kuna watu wasiotia. Mzizi wa neno fikira umo mara 18, nao vile vile ni kwa sura ya kitendo. Kuyazingatia maneno ya kitabu, ambako Waarabu hukuita tadaburi, kumetajwa mahali 4: mara 3 kwa swali la kukemea wasiozingatia, na mara 1 kwa kueleza shabaha ya kuteremshwa kitabu. Kwa hiyo msomaji wa Qurani hakuti humo sifa za akili kama kitu kizuri kilichowekwa kabatini. Anakuta watu wakiulizwa kama wamefanya kazi fulani au hawakuifanya.

Kiswahili kilipolipokea jina kiliacha kitendo chake nyuma. Mswahili hana kitendo cha kila siku kilichotoka katika neno akili. Husema kuwa na akili, kama asemavyo kuwa na shamba. Au kutumia akili, kana kwamba akili ni jembe linaloweza kuegemezwa pembeni mwa nyumba mpaka msimu wa kulima ufike. Akitaka kitendo chenyewe hukimbilia maneno mengine: kuwaza, kufikiri, kutafakari, kuzingatia. Ndani ya hilo la mwisho husikika zinga, maana yake zunguka. Na kweli mwenye kuzingatia hulizunguka jambo alitazame pande zake zote. Maneno hayo ni mazuri, walakini mfasiri lazima awe macho. Kila anapoandika kuwa watu fulani hawana akili, mahali ambapo Kiarabu kimesema kuwa hawafikiri, amegeuza lawama ya tendo kuwa lawama ya maumbile. Aliyeambiwa hana akili ametukanwa. Aliyeambiwa hafikiri ameonywa, na mlango wa kujirekebisha umebaki wazi mbele yake.

Mzizi huo wa Kiarabu una maana nyingine ya kale iliyo karibu zaidi na maisha ya wafugaji. Maana hiyo ni kufunga. Ikali ni kamba anayofungwa ngamia mguu wake uliokunjwa ili asipotee. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kutegemea. Akaelekezwa kufunga kwanza, ndipo ategemee. Kitendo kilichotumika hapo kwa kumfunga ngamia ni cha mzizi ule ule wa akili. Watu wa Mbulu na Hanang, ambao ng'ombe kwao ni chakula, ni mahari na ni heshima, hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Kamba iliyotundikwa ukutani haijamzuia ng'ombe hata mmoja asiingie katika shamba la jirani. Kamba ni kamba pale inapofunga, na akili ni akili pale inapofikiri.

Sheria ya Kiislamu nayo iliijenga hukumu kubwa juu ya msingi huo. Ili mtu awe na taklifu, yaani ahesabiwe kwa matendo yake, sharti awe na akili timamu. Mtoto mdogo hahesabiwi, mwenye wazimu hahesabiwi, na aliyelala hahesabiwi mpaka aamke. Aghalabu sharti hilo huelezwa kama huruma kwa wasioweza, na huruma imo ndani yake. Lakini upande wake wa pili ni mzito. Ikiwa akili ndiyo inayomfanya mtu kuwa mwenye kuulizwa, basi kutoitumia hakuwezi kuwa njia ya kukwepa swali. Mtu mzima aliye macho, mwenye afya, akikataa kufikiri, hajajiunga na watoto wala wagonjwa. Amejifanya amelala, na mwenye kujifanya amelala hana udhuru wa usingizi.

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa wa fikira za Qurani za zama za karibu. Kwa karne nyingi Waislamu wa pwani, kama Waislamu wengine wengi, walifuata taklidi: kila mtu alishika madhehebu, na hapa pwani madhehebu hayo yalikuwa ya Imamu Shafii, akapokea hukumu kwa wanavyuoni bila ya kudai dalili. Si haki kuidharau desturi hiyo. Elimu ya dini ni ndefu, na mvuvi au mkulima hana miaka 20 ya kukaa darasani. Mgonjwa humwamini mganga, abiria humwamini nahodha, na kumwamini anayejua ni kazi ya akili pia. Isitoshe, taklidi ilihifadhi umoja. Kijiji ambacho kila mtu hujitolea hukumu yake mwenyewe kinaweza kupoteza amani kabla hakijapata kweli.

Wapinzani wa taklidi hawakukanusha hayo yote. Muhammad Abduh wa Misri, aliyeishi tangu 1849 mpaka 1905, alisema kuwa kosa si kumwuliza mjuzi. Kosa ni kulifanya neno la mjuzi kuwa mwisho wa kufikiri. Mwanafunzi wake Rashid Rida alianzisha jarida la Al-Manar huko Cairo mwaka 1898, na kwa njia ya bahari na posta kurasa zake zilifika Mombasa na Unguja. Katika Bara Hindi, Muhammad Iqbal alitoa mihadhara iliyochapwa mwaka 1930, akadai kuwa Qurani, kwa kumwelekeza mtu atazame mvua, usiku na mchana, na mwisho wa mataifa yaliyopita, imeyafanya maumbile na historia kuwa chemchemi za maarifa. Kwa Iqbal, anayechunguza ulimwengu kwa uangalifu hatoki katika ibada, bali yumo ndani yake.

Mtu aliyeileta hoja hiyo katika Kiswahili alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, lenye kurasa za Kiswahili na za Kiarabu. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaushika wadhifa huo mpaka alipokufa mwaka 1947. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na sehemu ya tafsiri yake ya Qurani ilichapwa baada ya kufa kwake.

Swali lililomsumbua Sheikh Al-Amin lilikuwa la kimaadili. Aliwaona Waislamu wa pwani wakipoteza ardhi, biashara na cheo chini ya utawala wa kigeni, akataka kujua sababu. Jibu jepesi lilikuwapo: kadari ya Mungu. Yeye aliyeamini kadari hakuona kuwa imani hiyo inamzuia kutafuta sababu. Akazitaja: elimu iliyoachwa, watoto wa kike wasiosomeshwa, fedha zilizoteketezwa katika sherehe za harusi na matanga, na uvivu uliovishwa nguo ya ucha Mungu. Kisha akageukia upande wa pili, akawakemea vijana walioiga mavazi na starehe za Wazungu bila ya kuiga bidii yao ya kazi na elimu. Katika macho yake taklidi zilikuwa mbili. Mmoja alimfuata babu yake kwa sababu ni babu, mwingine alimfuata mtawala kwa sababu ni mtawala. Wote wawili waliazima kichwa cha mtu mwingine, na tofauti yao ilikuwa katika kofia tu.

Kazi hiyo iliendelezwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar tangu 1960 na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, na akafariki Oman mwaka 1982. Kabla yake Qurani ilikwisha tiwa katika Kiswahili mara mbili kwa ukamilifu. Mwaka 1923 ilitoka tarjama ya padri Godfrey Dale wa misioni ya UMCA, na mwaka 1953 ilitoka Nairobi tarjama ya Waahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Waislamu wengi wa Kisunni hawakuridhika na hiyo ya kwanza wala hiyo ya pili. Farsy alianza kuchapisha vipande vya kazi yake katika miaka ya 1950, na Qurani Takatifu ikatimia mwaka 1969. Maelezo yake chini ya aya hayakukusudiwa kupamba kurasa. Yanajadili, yanakosoa, yanataja dalili, na kumtaka msomaji apime. Kwa hiyo hata aliyepinga kauli fulani ya Farsy alilazimika kuipinga kwa hoja, na kwa Kiswahili, mbele ya watu wote.

Wapo waliouona mlango huo kuwa wa hatari. Walisema kuwa mtu asiyejua Kiarabu, asiyejua sababu za kuteremka aya wala zipi ni za jumla na zipi ni za mahali maalumu, atashika sentensi moja ya Kiswahili na kuifanya upanga. Neno la tarjama ni fahamu ya mfasiri, naye msomaji atadhani ni neno la Mungu lenyewe. Hoja hiyo haikupitwa na wakati. Kila zama huzaa mtu aliyesoma kurasa chache akajifanya hakimu wa waliosoma maisha yao yote. Lakini ikitazamwa barabara, hoja hiyo haithibitishi kuwa watu wa kawaida wasifikiri. Inathibitisha kuwa wafikiri zaidi. Upanga wa sentensi moja hushikwa na mtu aliyeacha kuzingatia mapema mno, na dawa ya kuzingatia kuchache haiwezi kuwa kutozingatia kabisa.

Lililo muhimu ni kutambua nani aliyefikiwa na tarjama hiyo. Mwaka mmoja baada ya kutoka kwake, yaani 1970, Tanzania iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu ambao hawakupata kushika kalamu walifundishwa kusoma kwa Kiswahili, pwani na bara. Kitabu na macho ya kukisoma vikakutana. Na afikiriwe Mwislamu mmoja wa Bashay, wilayani Mbulu, mbali na misikiti ya kale ya Lamu na Unguja. Lugha aliyonyonya kwa mama yake ni Kiiraqw. Majirani zake wengi ni Wakristo, Wakatoliki na Walutheri, na wengine hufuata mila za wazee. Katika wilaya hizo za Mbulu na Hanang husikika lugha za asili mbalimbali: za Kikushi, za Kinailoti, za Kibantu, na Kihadza kisichofungamana na hizo. Ni ajabu ya historia kuwa Kiiraqw, kwa kuwa ni cha Kikushi, ni ndugu wa mbali wa Kiarabu katika nasaba ya lugha, ilhali Kiswahili, kilichojaa maneno ya Kiarabu, ni cha Kibantu. Hata hivyo ni Kiswahili kinachomfikishia mtu huyo Qurani, na ni lugha yake ya pili.

Mtu kama huyo hawezi kuishi kwa taklidi ya kale hata akitaka. Mjini pwani, desturi humbeba mtu. Anafanya kama wafanyavyo mtaani, na aghalabu mtaa mzima unafanya sawa. Bashay, jirani yake humwuliza kwa nini anafunga, kwa nini anachinja hivi, kwa nini haombi vile. Akijibu kuwa ndivyo wafanyavyo wa kwao, jirani naye anao wa kwake wafanyao vingine, na mazungumzo yamekwisha. Akitaka kujibu kama mtu, hana budi kutoa sababu ambayo asiye wa dini yake anaweza kuifahamu, hata kama hatakubali. Kwa hiyo wajibu aliouandika Sheikh Al-Amin gazetini humkuta mtu wa Bashay njiani, anapotoka mnadani.

Mfano wa uzito wa wajibu huo ulitokea katika mkoa wa Manyara wenyewe. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 3,400, nao ni wa volkano iliyozimika. Tope, mawe na magogo viliteremka mpaka katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa au wakapoteza nyumba na mifugo. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikalemewa.

Misiba ya namna hiyo, popote duniani, huzusha kauli tatu. Ya kwanza husema kuwa hiyo ni adhabu kwa dhambi za watu. Ya pili husema kuwa kadari imepita na hapana la kuuliza. Ya tatu husema kuwa ni tope na mvua tu, na neno limekwisha. Kila kauli ina wenyewe, na kila moja yafaa kupimwa kwa kipimo cha kitabu.

Msemaji wa kwanza amedai kujua asichokijua. Aya ya 36 ya Sura ya 17 inakataza kuandama jambo ambalo mtu hana elimu nalo, na inahesabu masikio, macho na moyo kuwa vyote vitaulizwa. Nani aliyemwonyesha hati ya hukumu ya mtoto aliyefukiwa kitandani mwake? Hadithi sahihi zinamhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo, na aliyezama majini, miongoni mwa mashahidi. Basi aliyewahukumu wafu wa Katesh hakuitetea dini. Alisema bila ya kufikiri juu ya watu wasioweza kujibu. Hapa kutofikiri hakubaki kuwa upungufu wa elimu. Ni dhuluma, kwa kuwa mama aliyempoteza mtoto anaongezewa fedheha juu ya msiba.

Msemaji wa pili yu karibu zaidi na ucha Mungu, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumjibu. Jibu lake lilikwisha tolewa zamani. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, tauni ilipoingia Sham, Khalifa Umar aliamua kurudi njiani pamoja na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kuwa anakimbia, ila anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame: popote atakapochunga amechunga kwa kadari. Mfano huo ungefahamika mara moja kwa mchungaji wa Hanang. Kadari haimwondolei mchungaji kazi ya kuchagua malisho. Kadhalika haiwaondolei watu kazi ya kuuliza maji ya mlimani hupita wapi, nyumba zijengwe wapi, na nani apige mbiu mlima ukianza kunguruma. Anayesema hapana la kuuliza amemwachia ngamia, kisha akaliita jambo hilo tawakali.

Msemaji wa tatu amesema kweli, na kweli yake lazima ipokewe bila ya kusitasita. Miamba ilinyonya maji, ikalemewa, ikaporomoka. Mwislamu anayeogopa maelezo hayo hajasoma kitabu chake, kinachoiita mvua na milima kuwa ni ishara na kuwataka watu wazitazame. Kosa la msemaji huyo limo katika neno moja, yaani tu. Sababu ya kuporomoka si jibu la kila swali. Ukijua tope lilitoka wapi, bado hujajua yatima atakaa kwa nani, wala kwa nini mtu wa Mbulu asiye na jamaa Katesh aone ni juu yake kupeleka gunia la mahindi. Elimu ya miamba inaeleza mlima. Haimwelezi mtu wajibu wake, wala haijadai kumweleza. Kufikiri kukisimama hapo kumesimama nusu ya safari.

Yaonekana, basi, kuwa kufikiri kwa Qurani kuna adui wa pande mbili, na wanaosifu akili nao waliwahi kupotea upande wao. Abduh mwenyewe, alipofasiri Sura ya Tembo, alikisia kuwa ndege waliolipiga jeshi la Abraha yamkini walikuwa wadudu wachukuao vijidudu vya maradhi. Tantawi Jawhari, Mmisri vile vile, alijaza tafsiri yake kubwa kwa maelezo ya elimu za maumbile za wakati wake. Nia yao ilikuwa njema: walitaka kuonyesha kuwa kitabu hakigombani na elimu. Lakini elimu ya maumbile hujisahihisha kila kizazi, na aliyefunga aya katika gurudumu la nadharia ya leo ataiona ikiburutwa kesho. Sayyid Qutb alimlaumu Abduh kwa kuipa akili cheo cha kulingana na ufunuo, na kuifanya aya ipindwe ili ikubaliane na kipimo cha akili. Katika lawama hiyo kuna jambo la kweli. Akili inayokiambia kitabu kiseme nini haisomi tena, inajisikiliza yenyewe.

Lakini lawama ya Qutb nayo ina shimo mbele yake. Mtu akiambiwa ainyamazishe akili mbele ya ufunuo, atajuaje kuwa aliloambiwa ni ufunuo, si fahamu ya mtu aliyesimama mimbarini? Hapana aya inayojifasiri bila ya kichwa cha msomaji. Anayedai kuwa yeye hatumii akili, bali anasema lile tu lililosemwa, ametumia akili yake kwa siri, asikubali kuulizwa. Hilo ni hatari kuliko kosa la Abduh, maana Abduh alitoa hoja mbele ya watu, na hoja iliyotolewa mbele ya watu inaweza kusahihishwa.

Njia iliyo salama zaidi ilielezwa na Fazlur Rahman katika kitabu alichokitoa mwaka 1982. Alimtaka msomaji aende safari mbili: kwanza atoke katika hali ya leo, arudi katika wakati wa kuteremka aya, ajue ilijibu shida gani na ilikusudia haki gani, kisha arudi na shabaha hiyo katika hali ya leo, aichunguze hali hiyo kwa uangalifu ule ule. Njia hiyo ni ya taabu. Inadai historia, lugha, na elimu ya dunia. Hata hivyo mwanzo wake haumshindi mtu wa Bashay mwenye tarjama ya Farsy mkononi, kwa kuwa mwanzo wake ni maswali mawili: neno hili lilisemwa kwa ajili gani, na hapa nilipo ajili hiyo iko wapi? Pale elimu yake itakapokoma atamwuliza mjuzi. Akimwuliza baada ya kufikiri, jibu atakalopewa atalipima. Akimwuliza badala ya kufikiri, atalibeba tu.

Itasemwa kuwa watu wakifikiri hivyo watahitilafiana. Ni kweli, na mfano wake hurudi kila mwaka. Waislamu wa Tanzania na Kenya hugawanyika juu ya mwezi: wengine hufuata mwezi ulioonekana nchini, wengine ulioonekana popote. Hata nyumba moja inaweza kuwa na aliyefunga na aliyefuturu. Wako wanaoona aibu kwa hitilafu hiyo na kutamani siku ambapo mmoja alisema na wote wakafuata. Lakini aibu haimo katika hitilafu. Imo katika matusi yanayofuatana nayo, na matusi hutoka kwa mtu aliyerithi rai asiyoweza kuitetea. Anayejua dalili yake anajua na udhaifu wake, na kwa sababu hiyo huweza kukaa sahani moja na ndugu yake aliyefikia rai nyingine.

Basi udhuru wa nywele haukubaliki. Mtu anaweza kumwachia mwingine elimu asiyo nayo, kama anavyomwachia fundi kazi ya paa. Hawezi kumwachia hukumu ya kuwa fundi huyu anaaminika, kwamba paa hili linavuja, kwamba waliolala chini yake wamo hatarini. Hukumu hizo ni zake, na ataulizwa yeye. Mwanachuoni wa chuo kikuu hana msamaha zaidi ya mchungaji, na pengine ana mchache, kwa sababu shahada yake yaweza kumdanganya kuwa kazi ya kufikiri aliimaliza siku alipoipokea. Mchungaji hadanganyiki hivyo. Alimfunga ng'ombe jana, na anajua kuwa jioni ya leo itambidi amfunge tena.